Moshi wa Buluu

Habari kwamba Bwana Vaudrey amerudi ilimkuta Honorine mlangoni akichuna sungura. Kisu kikamteleza, kikamkata kidole gumba. Aliyeileta ni Perrine, mwenye nyumba ya wageni pale njia panda, mwanamke ambaye hajawahi kupita mlango wa mtu bila kuacha neno.

"Mchoraji wako karudi," Perrine alisema. "Na picha yako kaja nayo. Eti hajaimaliza, yamebaki majani ya chini. Mwaka mzima mtu anahangaika na majani. Mimi na ufagio wangu ningeyamaliza asubuhi moja."

"Si mchoraji wangu," alisema Honorine huku akinyonya kidole.

"Basi wa nani? Kanichora mimi? Na uzuri wote huu?" Perrine akajishika kiuno kilichoshiba miaka mingi ya siagi. "Jumapili baada ya misa ataisimamisha ukumbini kwangu watu waione. Mlete na mzee. Atoke kidogo, maskini, kabla hamjampeleka Melun."

Honorine akasema sawa, atamleta. Angesema nini? Perrine alipoondoka, Honorine akabaki na sungura mkononi, nusu ana ngozi nusu hana, na moyo unamwenda mbio kama wa mwizi aliyesikia jina lake sokoni.

Mzee aliyetajwa ni Toussaint, baba mkwe wake. Wachoma mkaa msituni kwetu wako wengi, lakini wapangaji wa tanuri ni wa kuhesabu, na Toussaint alikuwa mkubwa wao. Kuchoma mkaa si kuwasha moto, moto hata mlevi anauwasha. Kazi iko kwenye kupanga: magogo yasimame yakiegemeana kuzunguka bomba la katikati, yafunikwe majani, juu ya majani udongo, na chini yaachwe matundu ya kupumulia, si makubwa wala madogo. Mzee alipanga bila kupima. Alikuwa akiligonga gogo kwa kifundo cha kidole, analisikiliza, halafu analiweka, na likishawekwa halisogei. Watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wakimfuata kwa mkokoteni aje awapangie.

Hayo yalikuwa mpaka mwaka jana. Mwaka jana, msimu kama huu majani yakiwa mekundu, tanuri kubwa kuliko yote lilibomoka likiwa kwenye siku yake ya pili, likawaka, na kazi ya miezi yote ya kiangazi ikageuka majivu. Tangu hapo mzee hajagusa gogo. Mwanawe, Anselme, mume wa Honorine, alimtafuta mpangaji mwingine kutoka Nivernais, jitu lenye domo kubwa na mikono ya wastani. Na ilishaamuliwa: Sikukuu ya Watakatifu Wote ikipita, mzee ahamie Melun kwa binti yake Léontine, chumba cha juu, juu ya karakana ya viatu. Mtu aliyezaliwa msituni, akalala msituni, akazika mke msituni, leo akanuse gundi ya viatu mpaka afe. Mwenyewe hakubisha hata kidogo. Alisema mikono imezeeka, na tanuri halitaki mikono iliyozeeka.

Honorine ndiye pekee aliyejua kwamba mikono ile haikuwa na kosa lolote.

Siku ile zamu ya mchana ilikuwa yake. Anselme alikuwa amekesha, kalala kibandani anakoroma, na mzee alikwenda kijijini kuchukua mikate. Mlinda tanuri kwetu hukalia kigoda cha mguu mmoja. Ukisinzia, unaanguka, unaamka. Ndiyo dawa yake, na wazee waliotuachia hawakuwa wajinga. Kazi yenyewe ni kutazama moshi na kusikiliza upepo. Upepo ukigeuka, wewe unakwenda kuziba matundu ya upande unakotoka, unaegesha na chanja za matawi za kuukinga, basi. Mtoto anaweza. Lakini asipofanya, upepo unaingia chini, moto unaanza kula mkaa wenyewe, na moshi ambao siku ya pili unatakiwa uwe mweupe, mzito kama maziwa, unaanza kutoka mwembamba, wa buluu. Ukishauona wa buluu mapema hivyo, kimbia.

Ndipo akatokea Bwana Vaudrey na miti yake ya kusimamishia turubai la kuchorea, na kofia ya majani, na ndevu zenye rangi ya kijani ncha moja. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji wapya wa Paris wanaochora nje, juani, harakaharaka kabla mwanga haujahama, ambao wakubwa wa jiji walikuwa wakiwafungia milango ya maonyesho yao. Akamwomba amchore. Honorine akasema ana zamu. Mchoraji akasema hata hivyo hivyo, akae tu na zamu yake. Lakini kigoda cha mguu mmoja humfanya mtu ayumbe, na mchoraji akataka atulie. Akamfungulia kiti chake mwenyewe cha kukunja, cha turubai, laini, na akamgeuza uso umwelekee yeye. Tanuri likabaki mgongoni kwake.

Alijua ni makosa. Alijua tangu anakalia. Lakini nani, tangu aolewe, aliwahi kumtazama hivyo, bila kutaka aletewe kitu? Anselme akimtazama anataka supu. Mzee anataka shati lishonwe. Huyu alitaka akae tu, na kila akinyanyua macho kumtazama, Honorine alijiona ana thamani. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna haja ya kuipamba.

Kisha upepo ukageuka. Aliusikia. Ulikuwa ukimpiga shavu la kushoto, ukaacha, kukawa kimya kidogo, ukaanza kumpiga la kulia. Akajitikisa ainuke.

"Usisogee, nakuomba," mchoraji akasema. "Mwanga ndio huu. Kidogo tu."

Hakusogea.

Mwanga ulipokwisha, Bwana Vaudrey alimshukuru mara nyingi, akakunja kiti chake, akaondoka anapiga mluzi. Honorine akageuka. Pale chini ya tanuri, upande wa upepo, moshi ulikuwa umeshakuwa wa buluu, na ubavu umeanza kutitia. Alikimbia akaziba kwa udongo, akaziba kwa mikono, akapiga kelele. Anselme akatoka bila viatu. Walipigana na moto ule kwa maji na koleo hadi nguvu zikawaishia, na mzee aliporudi na mikate kwapani alikuta hakuna cha kuokoa.

"Ilikuwaje?" Anselme aliuliza.

Na yeye akajibu, na jibu lile likamkaa rohoni kama mwiba wa samaki: "Sijui. Nilikuwa nimekaa pale pale nalitazama. Ubavu ulishuka wenyewe."

Toussaint aliweka mikate chini, akaenda akazunguka majivu. Hakumuuliza Honorine neno hata moja. Alisema tu, "Kama mlinzi alikuwepo na ubavu umeshuka wenyewe, basi niliupanga vibaya." Yakaishia hapo.

Yaani kwa watu yaliishia hapo. Kwa Honorine yalianza. Alimpikia mzee, akamtilia kipande kinene cha nyama ya nguruwe kuliko cha mumewe, na mzee akamshukuru. Alimfulia, akamshukuru. Msimu wa baridi alimkanda vidole kwa mafuta ya bata bukini, na yule mzee akamwambia, "Mungu alininyima mkono, akanipa mkamwana." Usiombe upewe shukrani usiyostahili. Kila alipotaka kusema, alimwona Anselme, mtu wa maneno machache na hasira ya polepole, akajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho, na mkokoteni wa Melun ukawa umeshatafutwa.

Jumamosi, Honorine aliaga anakwenda kuokota uyoga. Akamkuta Bwana Vaudrey mahali pale pale pa mwaka jana, anapaka majani.

Alizunguka nyuma ya turubai, akatazama. Kwa karibu ilikuwa madoadoa matupu, kana kwamba kuku wenye tope wameingia jikoni. Akarudi nyuma hatua kadhaa, na msitu ukatokea. Mashina yana kivuli cha zambarau, majani mekundu yanadondoka, na katikati mwanamke wa kofia nyeupe kakaa kwa raha zake. Kigoda cha mguu mmoja kimelala majanini kando yake. Na nyuma, tanuri, na chini ya tanuri, upande wa upepo, mkanda wa buluu ulioandikwa sawasawa kama ushahidi wa mahakamani.

"Bwana," alisema, "nakuomba usiwaonyeshe watu."

"Unaona haya? Umetoka vizuri mno, Bi Honorine."

"Basi huu moshi. Hauwezi kuwa mweupe?"

Bwana Vaudrey akacheka, si kwa dharau. "Paris wananitukana kwa sababu sipaki vitu vinavyopaswa kuwa. Napaka nilivyoviona. Nikianza kuongopa kwenye moshi, nitaishia kuongopa kwenye uso. Ulikuwa wa buluu. Ndio uliofanya niipende picha yote."

Honorine akageuka aondoke. Alirudi nyumbani bila uyoga hata mmoja, na Anselme akamtania kwamba siku hizi hata uyoga unamkimbia.

Jumapili ukumbi wa Perrine ulijaa. Watu walikuwa na nguo za misa na koo za mvinyo, na picha imesimamishwa juu ya kiti mbele ya dirisha. Wakaanza.

"Bwana Vaudrey, miti ya zambarau umeiona wapi? Nami nikapande."

"Huyo si mti, huyo ni mjomba wangu akishalewa."

"Honorine, mbona huna pua? Anselme, uliozwa mke hana pua?"

"Pua anayo," Anselme alisema. "Huingiza kwenye mambo yangu kila siku." Watu wakacheka, na Bwana Vaudrey naye akacheka, maana alishazoea, na huku walau walimcheka wakimnywesha.

Toussaint alikaa karibu na moto, mikono kaificha kwapani kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo. Perrine akamvuta. "Njoo, mzee, umtazame mkamwana wako. Simama huku mlangoni, karibu ni uchafu mtupu, mbali ni mtu."

Mzee akasimama mlangoni. Akatazama. Honorine alikuwa kando ya kabati la vyombo. Aliyaona macho ya mzee yakipita kwenye miti, yakipita usoni kwake na kutabasamu kidogo, kisha yakafika kwenye tanuri, yakakwama.

"Hii ni siku ipi?" Toussaint aliuliza.

"Ile ile, mzee wangu," alisema Bwana Vaudrey. "Mwaka jana. Ulikuwa umekwenda kijijini, nadhani."

"Basi umekosea moshi."

Ukumbi ukapunguza kelele. Mchoraji akasogea. "Samahani?"

"Moshi. Siku ya pili ni mweupe. Wewe umeutia buluu, tena chini, upande wa upepo. Moshi wa namna hii maana yake matundu yaliachwa wazi upepo ulipogeuka." Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anavyomwambia fundi. "Miti ipake utakavyo, ni miti ya Mungu. Lakini tanuri hilo ni langu."

"Nilipaka nilichokiona."

"Hukukiona. Haiwezekani." Sasa sauti ikapanda. "Pale alikuwepo Honorine. Huyu binti hajawahi kuacha tundu wazi tangu aingie kwangu. Kama tanuri lilianguka, lilianguka kwa mikono yangu hii, na nimeshakubali, sina ubishi na mtu. Lakini hutakuja hapa na rangi zako umchore kama mlinzi anayetazama watu wakati moto unakula. Wewe ni mwongo, bwana, na nasema mbele ya hawa wote."

Watu wakaguna kuunga mkono. Mchoma mkaa mmoja akagonga meza, akasema kweli, mzee anajua moshi kuliko Paris yote. Uso wa Bwana Vaudrey ulikuwa umewiva. Matusi ya zambarau aliyacheka, lakini hili lilimchoma, ilionekana. Akafungua kinywa ajibu. Ndipo macho yake yakamwangukia Honorine pale kabatini, na Honorine akaona kwamba ameelewa. Moshi aliombwa aubadilishe jana. Kiti cha kukunja kilikuwa chake. Ile "usisogee" ilikuwa yake.

Bwana Vaudrey akapapasa mfukoni akatoa kisu chake chembamba cha rangi.

"Huenda nilikosea," akasema polepole. "Mwanga wa jioni hudanganya macho. Mzee anajua tanuri lake. Ngoja niukwangue, niupake mweupe." Akainama mbele ya picha, kisu mkononi, na watu wakapiga makofi.

Hapo Honorine alikuwa ameokoka kabisa. Ushahidi unafutwa, shahidi amejikana mwenyewe, na mzee mwenyewe ndiye wakili wake. Angenyamaza tu. Alikuwa amenyamaza mwaka mzima, kunyamaza alishakujua. Lakini alimtazama yule mzee aliyesimama kifua mbele kwa ajili yake, na huyu mwingine aliyekubali kuitwa mwongo kwa ajili yake, na aibu ikamvaa hata akaona heri apigwe.

"Usifute," alisema.

Hawakumsikia. Akasema tena, "Bwana Vaudrey, usifute. Moshi ulikuwa wa buluu."

Anselme akaweka gilasi chini.

"Honorine," mzee alisema kwa upole, "huna haja ya kumtetea bwana huyu."

"Simtetei, baba. Nilikuwa nimekaa hivi hivi. Nimeligeuzia tanuri mgongo."

Toussaint akamtazama, kisha akaitazama picha, kisha yeye tena. "Upepo uligeuka?"

"Uligeuka."

"Uliusikia?"

"Niliusikia. Hapa." Akajigusa shavu la kulia.

"Hukuinuka."

"Sikuinuka. Nilikuwa napenda kuchorwa, baba. Halafu niliogopa, nikasema ubavu umeshuka wenyewe. Haukushuka wenyewe. Ulipanga vizuri. Mikono yako haikuwa na kosa, na mimi nilijua, na nimekutazama mwaka mzima ukiilaumu."

Anselme alikuwa amesimama. Alitaka kusema kitu kwa mkewe, kikamshinda, au alikiahirisha kwa nyumbani; wanaomjua watakuambia ni lipi. Perrine, ambaye ukimya humwasha kama upupu, akamshika mzee bega. "Haya basi, Toussaint, furahi. Umesafishwa mbele ya kijiji kizima. Mikono yako mizima."

Toussaint alitoa mikono kwapani, akaitazama, huku na huku. Hakuonekana mtu aliyepewa kitu.

"Nilikuwa nimeshaizoea," alisema. "Mikono huzeeka, hakuna wa kulaumiwa. Nilikuwa nikilala na hilo. Afadhali ingekuwa mikono."

Honorine akapiga magoti pale pale, kwenye vumbi la mbao sakafuni kwa Perrine. Mzee hakumwinua, wala hakumsukuma. Alimpita taratibu kama mtu anavyopita ndoo njiani, akaenda kuchukua koti lake.

"Baba," Anselme akamfuata. "Basi Melun hakuna tena. Nitamwambia Léontine. Yule wa Nivernais kesho arudi kwao. Magogo ya bonde la mialoni yako tayari, yapange wewe, yote ni yako. Nani mwingine?"

Toussaint alivaa mkono mmoja wa koti, akasita na wa pili.

"Kupanga nitapanga," alisema. "Hata kesho. Nikishapanga nikaenda kulala, wewe nawe umelala, nani atalinda?"

Anselme akamtazama mkewe pale chini.